Samahani, Ndugu Mpiga Picha

Hotuba ya mkalimani wa lugha ya alama kwa wazazi, walimu na wahitimu wa kidato cha nne, Tabora

Ndugu mpiga picha, samahani kaka yangu, kabla sijaanza naomba usogee hatua mbili upande wa kushoto. Hapo hapo. Ahsante sana. Sikuzuii kufanya kazi yako, picha tunazitaka na tutazilipia. Ila ulikuwa umesimama mbele ya mwenzangu yule mwenye shati jeusi, na kwa dakika zote ulizokuwa pale, wahitimu wetu 14 viziwi wa mstari wa mbele hawakuwa na mgeni rasmi wala hotuba yake. Walikuwa na mgongo wako.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, wahitimu: itifaki naomba ihesabike imezingatiwa, maana jua la Tabora la mwezi wa kumi halina subira na itifaki. Wazee wangu shikamooni. Mwangaluka.

Leo ni mara yangu ya kwanza kushika kipaza sauti hiki kwa maneno yangu mwenyewe. Miaka yote nimesimama pale aliposimama mwenzangu, pembeni kidogo, nikisema maneno ya watu wengine. Nimekuwa mgeni rasmi mara nyingi tu. Nimekuwa mwalimu wa fizikia, nimekuwa padri, nimekuwa shehe, na siku moja nilikuwa mgambo aliyekuja kutisha watoro. Mikono hii imewahi kuahidi madawati 50 ambayo hadi leo sijayaona. Msicheke sana, sikuyaahidi mimi.

Mkuu wa Shule ameniomba nieleze kazi hii, kwa sababu kwenye kikao cha wazazi kilichopita mzee mmoja aliuliza: "Yule mama anayechezesha mikono mbele ya darasa, analipwa kwa kazi gani hasa?" Wengine waliguna, wakaona ni dharau. Mimi sikuona hivyo. Kazi ambayo huielewi ni halali kuiulizia. Mzee yule nimemwona yupo, kakaa chini ya mwembe, nashukuru amekuja. Namjibu leo, ila jibu lenyewe ni refu na linaanzia Kigoma.

Nimezaliwa Ujiji. Mdogo wangu wa kiume alipata homa ya uti wa mgongo kabla hajatimiza miaka miwili. Alipona yeye, masikio hayakupona. Nyumbani tukatengeneza ishara zetu kama familia nyingi zinavyofanya. Mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, alikuwa kidole kimoja kinachokimbia juu ya kiganja, dagaa ni vidole vyote vitano vinavyotetemeka. Baba alikuwa kushika ndevu, na aliendelea kuwa ndevu hata baada ya kuzinyoa. Mama alikuwa upindo wa khanga begani. Zote kwa pamoja sidhani zilizidi hamsini.

Kwa ishara hamsini unaweza kumwita mtoto aje kula. Unaweza kumtuma chumvi, kumkataza asiende ziwani, kumwonyesha kwamba umekasirika. Lakini bibi yetu alipofariki, mdogo wangu alimtafuta chumba kwa chumba kwa karibu wiki nzima. Aliona watu wamejaa, aliona watu wanalia, aliona jeneza likitoka. Alikuwa na miaka sita. Jioni anakwenda mlangoni kwa bibi, anagonga, anasubiri, anatugeukia na kutuuliza kwa macho. Na sisi watu wazima na watoto, nyumba nzima yenye Kiswahili na Kiha cha kutosha, hatukuwa na ishara ya kumwambia mtu amekufa. Tulikuwa na ishara ya "amelala". Tukaitumia hiyo. Baada ya hapo mtoto akawa anaogopa kulala.

Baba alisikia kwa abiria mmoja wa treni kwamba Tabora ipo shule ya viziwi. Shule hiyo ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ilikuja mwaka 1974. Kwa hiyo wenyeji wa Tabora, mnapojisifu kwa maembe, kwa asali na kwa shule aliyosoma Mwalimu Nyerere, na hili nalo litieni kapuni: watoto viziwi wa Tanzania walianzia kuelekezwa hapa kwenu.

Wakapanda treni, baba na mdogo wangu na sanduku la bati. Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo, kilomita zaidi ya 400 mpaka Tabora. Baba alirudi peke yake na hakuongea siku mbili.

Desemba, shule zilipofunga, tulikwenda stesheni ya Kigoma kumpokea. Treni ilichelewa, hilo si habari. Ilipoingia, akashuka na mwenzake wa Kasulu, na walishuka wakibishana. Naomba mnielewe vizuri hapa. Mtoto ambaye maisha yake yote hakuwahi kutuambia zaidi ya "nataka" na "sitaki" alikuwa anabishana. Mikono inakwenda, nyusi zinapanda, anamkatiza mwenzake, anarudia, anacheka kwa dharau, anahesabu hoja kwa vidole. Mama alisimama na khanga yake mkononi, hakumkimbilia. Mtoto alipotuona akatujia na mikono hiyo hiyo, akamwambia mama jambo refu. Mama akatabasamu. Akarudia, taratibu zaidi. Mama akatabasamu tena. Kisha nikaona bega la mdogo wangu linashuka, akanyanyua kiganja kimoja na kukimbiza kidole juu yake: mgebuka. Kuna mgebuka nyumbani? Mama akalia pale pale stesheni. Watu wakadhani ni furaha. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Nililia kwa sababu mwanangu alikuwa amepata maneno, na mimi akaniwekea yale ya zamani, kama mtu anavyomwekea mgonjwa uji."

Likizo ile nilijifunza kwake, usiku, kwenye mkeka, taa ya chemli katikati yetu. Alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea umbo la mkono alinipiga kofi la kifundo. Nikifanya alama sawa lakini uso wangu umelala, alinishika mashavu na kuyavuta. Alikuwa na haki. Katika lugha ya alama uso ni sarufi. Nyusi ndizo zinazotofautisha "umekula" na "umekula?", na ukitikisa kichwa umekanusha. Mkalimani mwenye uso mkavu ni sawa na mtu anayesoma barua bila nukta wala alama za kuuliza.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, ingawa nilikuja kuisomea baadaye sana.

Sasa, kazi yenyewe. Wengi wanapenda kutuita daraja. Sina ugomvi nao, lakini daraja halichoki. Mimi, kwa kuwa nimehamia nchi ya Wanyamwezi, najiita mpagazi. Mababu zenu walibeba pembe na bidhaa kati ya Tabora na pwani, mtu mmoja mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30, miezi njiani. Mpagazi hakuufungua mzigo akachagua cha kupeleka. Hakuongeza chake. Alikuwa mtu mwenye nguvu na akili, anaijua njia kuliko mwenye mali, lakini mali haikuwa yake. Na kila siku msafara ulipiga kambi, akatua mzigo. Hilo la kutua nitalirudia, maana hapo tuna ugomvi kidogo na ratiba ya shule.

Mwalimu anaposema, mimi nabaki nyuma yake kwa sekunde chache, nangoja wazo likamilike. Nikimfuata neno kwa neno nitatoa takataka, kwa sababu lugha ya alama haipangi maneno kama Kiswahili na wala si Kiswahili cha mikono. Huo ni mkanganyiko wa watu wengi, hata waliosoma. Wanadhani kila neno lina alama yake, ukizipanga umemaliza. Wakati natoa sentensi ya kwanza, masikio yanapokea ya pili na kichwa kinaishikilia. Hiyo ndiyo kazi inayolipwa, mzee wangu. Mikono ni ile tu mnayoiona.

Kwenye mikutano mikubwa, kazi hii hufanywa na watu wawili, wakipokezana kila dakika 20 au 30, kwa sababu baada ya hapo ubongo unaanza kudondosha vitu bila mwenyewe kujua. Shuleni kipindi ni dakika 40. Vipo vinane, tisa kwa siku. Nimewahi kufika kipindi cha saba nikagundua mikono yangu inaendelea kusema na mimi mwenyewe nimelala macho wazi. Nilichosema sikijui. Mwanafunzi mmoja kwa huruma aliandika kwenye daftari akanionyesha: "Mwalimu, pumzika, tutanakili kwa wenzetu." Siku hizi tuko wawili, ndiyo maana mnamwona mwenzangu. Namshukuru Mkuu wa Shule kwa hilo, na sitakoma kumwomba wa tatu.

Kuna mambo madogo ambayo watu hawayafikirii. Mnaniona kila siku nimevaa gauni la rangi moja, bluu iliyoiva au nyeusi, na nimesikia kina mama wakisema yule mwalimu yuko eda ya kudumu. Kitenge chenye maua makubwa kinameza mikono, macho ya mtoto yanachoka. Hina sipaki, pete kubwa sivai, kucha sipaki rangi. Sisimami na dirisha nyuma yangu, kwa sababu mwanga wa nyuma unanigeuza kivuli. Nasimama karibu na mwalimu na karibu na ubao, ili jicho la mtoto lisisafiri sana.

Na jicho hilo ndilo kiini cha tatizo letu darasani. Mwanafunzi anayesikia anaandika notsi huku anasikiliza. Kiziwi akiinamia daftari, amezima masikio yake. Akiniangalia mimi, haandiki. Sasa mwalimu anageukia ubao, anachora mzizi na shina, na huku anachora anasema: "Maji yanaingia hapa, yanapanda huku, halafu haya yanatokea pale." Nifanye nini na hiyo "hapa" na "huku"? Nikiieleza, watoto wananiangalia mimi, hawaoni kidole cha mwalimu. Nikiwaonyesha ubaoni, hawaoni mikono yangu. Nikimaliza "hapa" ya kwanza, mwalimu ameshafuta mchoro.

Dawa yake si ghali. Mwalimu achore, kisha anyamaze. Aonyeshe kwa kidole, anyamaze tena, ndipo aseme akiwa amegeukia darasa. Sekunde tano. Mwalimu mmoja wa biolojia hapa kwetu, simtaji jina maana atavimba kichwa, alianza kufanya hivyo kwa ajili ya viziwi watano, na mwisho wa muhula wanaosikia ndio waliokuja kumshukuru. Kumbe na wao walikuwa wanakimbizwa.

Jambo jingine: "mwambie". Mwalimu ananiangalia mimi anasema, "Mwambie huyu atoe jibu la swali la tatu." Mtoto yuko mbele yake mita mbili. Daktari vilevile. Nilimpeleka mwanafunzi hospitali, sitasema ipi, anaumwa jino. Daktari akaniuliza mimi, "Linamuuma tangu lini?" Nikampelekea swali mwenye jino. Daktari akasema, "Mwambie afungue mdomo." Nikatafsiri kama alivyosema, neno "mwambie" nikaliacha humo humo: "Mwambie afungue mdomo." Mtoto akatazama kulia na kushoto akitafuta wa kumwambia. Daktari alicheka, na toka hapo akaongea na mgonjwa wake. Ongea na mtu. Mimi nitabeba.

Na ninapobeba, nabeba kwa nafsi ya kwanza. Kiziwi akisema "nina njaa", sauti yangu inasema "nina njaa", sisemi "anasema ana njaa". Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwanafunzi alikuwa anamlalamikia mwalimu wa zamu, nami natoa sauti: "Mwalimu, umenionea, sikuwa mimi niliyevunja kioo!" Mwalimu akanijia juu mimi. Ilibidi kiranja aingilie.

Tunabeba na siri pia. Nimesikia na kuona mambo ya familia zenu humu, wazazi wangu, kwenye ofisi za walimu na zahanati. Yatakufa na mimi. Na kwenye chumba cha mtihani mikono yangu inabeba maelekezo ya msimamizi tu. Mtoto niliyemfundisha alama ya kila kitu kwa miaka minne ananitazama, anaomba kwa macho, na mimi naangalia dari. Hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote katika mwaka.

Niseme kidogo kuhusu mtihani, maana matokeo yakitoka watu hushika vichwa na kusema viziwi hawana akili. Mtoto kiziwi anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili alichokisoma kwa macho tu, lugha ambayo hajawahi kuisikia. Viambishi vyetu hivi, a-na-ye-m-pend-a, sisi tuliokua tukisikia tumevinywa na maziwa. Yeye kila kimoja amekikariri kutoka kwenye karatasi. Akiandika "jana mimi sokoni kwenda", anayesahihisha anaona ujinga. Mimi naona mtu anayeandika lugha ya pili kwa mpangilio wa lugha ya kwanza, kama Mha aliyejifunzia Kiswahili ukubwani. Kisha anafika kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza. Mwalimu anafundisha nusu Kiingereza nusu Kiswahili kama tunavyojua, mimi napeleka kwa alama, na mtihani unaletwa kwa Kiingereza kitupu. Mtoto ameelewa osmosisi kwa mikono, lakini swali halimjii kwa mikono.

Osmosisi yenyewe haikuwa na alama darasani kwetu. Kamusi ya lugha ya alama ya Tanzania iliyotolewa na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, mwaka 1993 ilikuwa hatua kubwa, lakini kamusi yoyote ya lugha haimalizi fizikia na kemia. Kwa hiyo tunakaa na wanafunzi, tunatunga ya darasani. Mimi situngi peke yangu, lugha ni yao. Walinikatalia alama yangu ya "shinikizo" wakasema inafanana na kukamua chunusi, wakatunga yao, na yao ni nzuri zaidi. Tatizo ni kwamba shule ya jirani nayo imetunga yake. Ndiyo maana kila neno jipya tunalitahajia kwa vidole, herufi kwa herufi, ili siku ya karatasi alikute analifahamu sura.

Mnajua adui mwingine ni nani? Giza. Umeme ukikatika wakati wa prepo, wanafunzi wanaosikia wanapiga kelele, wanaimba, wanatishana. Upande wa viziwi lugha imezimika. Siku moja nilikuta wamekaa duara bwenini, mmoja kabana tochi katikati ya magoti inamulika juu, na anayetaka kusema anaingiza mikono yake kwenye mwanga ule. Akimaliza anaitoa, mwingine anaingiza. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Nimehudhuria vikao vya watu wazima ambavyo havina utaratibu kama ule.

Sasa narudi kwa mzee wangu pale chini ya mwembe, na kwa wazazi wote, hasa wenye watoto waliokaa mstari wa mbele. Hili ndilo lililonifanya nikubali kushika kipaza sauti.

Mmefurahi kwamba shule ina wakalimani. Sheria inatutambua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Vizuri sana. Lakini mimi ni mpagazi, na mpagazi anahitaji mtu wa kupokea mzigo upande wa pili. Naletewa kidato cha kwanza mtoto wa miaka 15 ambaye lugha alianza kuipata akiwa na miaka 10, kwa sababu nyumbani alifichwa, au alingojewa apone, au aliitwa bubu na kupewa ng'ombe wa kuchunga porini huko Sikonge na Uyui. Neno hilo la bubu naomba mliache. Wenyewe wanajiita viziwi, na ububu hawana, mmewaona. Mtoto huyo namtafsiria historia ya vita vya Maji Maji, na hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwa nini babu yake amefariki. Namtafsiria sababu na matokeo, na nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumwambia "kwa sababu". Mkalimani hawezi kutafsiri kwenda kwenye lugha ambayo mtoto hakupewa. Hata mngenileta kumi.

Sehemu kubwa ya watoto viziwi duniani wanazaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa kwa kutojua. Mama yangu hakujua. Lakini wapo humu wazazi ambao mtoto wao yuko kidato cha nne na bado wanasema naye kwa ishara hamsini. Wananipigia simu mimi: "Mwalimu, hebu muulize mwanangu likizo atakwenda kwa shangazi?" Namuuliza, na ninawajibu. Kila nikikata simu najua nimefanya jambo la msaada na jambo baya kwa pamoja. Mimi nikiwepo, nyote mnapumzika. Mwalimu anapumzika kujifunza, mzazi anapumzika, hata wanafunzi wanaosikia wanakuja kunitumia mimi kumwomba mwenzao kalamu.

Jumamosi saa nne asubuhi, darasa la pili kutoka jikoni, tunafundisha lugha ya alama bure. Wanaofundisha ni viziwi wenyewe, mimi nachemsha chai. Njooni na michembe yenu ya viazi. Mwaka jana walianza wazazi 11, wakabaki watatu. Mmoja wa hao watatu ni mama kutoka Urambo anayeuza maembe, hajui kusoma, na leo asubuhi nimemwona getini akigombana na mwanawe kuhusu viatu vya mahafali. Wanagombana! Mama anasema vile vyeusi, binti anasema hataki, mama anasema pesa nimetoa mimi. Alama zake bado ni mbaya, mkono wake mzito, lakini binti alikuwa anajibu kwa hasira ya kweli, ile ya mtoto anayejua ameeleweka. Nilipita kimya. Hawakuhitaji mkalimani.

Walimu wenzangu, siwaombi muwe wakalimani. Salamu, jina lako la alama, "umeelewa?", "rudia", "vizuri", "ngoja". Majina ya alama mmeshapewa, hata kama hamjui. Mwalimu wa hisabati, wewe ni kidole kinachosukuma miwani juu ya pua. Mkuu wa Shule, la kwako nitakunong'oneza ofisini.

Mdogo wangu? Ni fundi seremala Kigoma, ana mke na watoto wawili wanaosikia. Wateja wanaandika kwenye karatasi, au wanaonyesha picha kwenye simu, kazi inakwenda. Mama alikuja kujifunza, akiwa na miaka 58, kwa wajukuu wake. Wao walikuwa wanafahamu lugha zote mbili kabla ya kuanza shule na hawakuwa na huruma naye kabisa.

Naona mwenzangu pale ananikazia macho. Amesimama muda mrefu kuliko tulivyokubaliana, na mimi ndiye niliyekuwa nawahubiria habari ya kutua mzigo. Samahani, ndugu yangu.

Ratiba inasema sasa ni risala ya wahitimu. Itatolewa na binti wa Urambo, yule wa viatu. Naona amevaa vyeusi. Yeye atasimama hapa katikati, mimi nitahamia kiti cha mbele nimtazame, nimpe sauti. Ndugu mpiga picha, hapo katikati yetu ndipo mahali pabaya kuliko pote, tafadhali. Mheshimiwa mgeni rasmi, wakati wa risala usiniangalie mimi, mwangalie yeye. Na mkisikia sauti yangu inasema "mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, na shule yetu haina maktaba yenye taa", mjue nani anasema.

Binti, karibu.